Usikilizaji wa Mwisho wa Mama Naetwe

Dakta Nakijwa Mmbaga alikuwa amebakiza tasnifu tatu tu amalize kazi ya wiki, ndipo akaliona jina la mama yake limeandikwa kwa rangi nyekundu.

Kuliona jina lenyewe halikuwa jambo geni. Katika Nyumba ya Vyanzo, ambayo aliiongoza kwa mwaka wa saba sasa, jina la Mama Naetwe Mmbaga lilipita kila mwezi, maana hakuna mwanafunzi wa mambo ya maji ambaye hakumtaja. Lakini siku zote lilipita kwa kijani. Mnyororo, ile mashine iliyosoma kila tasnifu na kuifuata kila nukuu hatua kwa hatua mpaka kinywani mwa aliyeitamka kwanza, ulikuwa umelipitisha jina hilo mara mia nne na zaidi bila kusita. Leo uligoma.

Akavaa miwani, akasogeza kiti. Tasnifu ilikuwa ya mwanafunzi aitwaye Eliwaza Mchome. Kwenye ukurasa wa sitini na mbili aliandika hivi:

"Maji ya Ivuga hayapungui, mradi watu wachote kwa zamu na ndiva ifungwe usiku ipate kujaa." Mama Naetwe Mmbaga, akisema katika mkutano wa kijiji, yamenukuliwa kutoka daftari la zamu la Mzee Mchome, mgawa maji.

Chini yake Mnyororo ulikuwa umeandika: Nukuu inapingana na chanzo kilichothibitishwa. Chanzo kilichothibitishwa kinasema: "Maji ya Ivuga hayapungui." Msikilizaji: N. Mmbaga. Maneno kumi na moja yameongezwa. Tuhuma: kughushi chanzo.

Nakijwa aliyahesabu maneno yale kwa ncha ya kidole, moja moja. Yalikuwa kumi na moja kweli. Alipofika kwenye "kujaa" alihisi jasho likimchuruzika kwapani, ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mlimani uliingia.

Kughushi chanzo halikuwa kosa dogo. Watu wa umri wake waliikumbuka vizuri ile miaka ambayo mashine zilijaza dunia kwa vitabu vilivyotaja vitabu visivyowahi kuandikwa, na sauti za watu zikisema yale ambayo wenyewe hawakuyasema. Wagonjwa walikufa kwa dawa zilizothibitishwa na utafiti ambao haukuwahi kufanywa. Baada ya hapo nchi ilikata shauri: kila neno la kitaaluma lioneshe lilikotoka, na atakayeghushi afukuzwe, asipokelewe na chuo chochote hadi kufa kwake.

Kila tuhuma ya namna hiyo ilihitaji saini ya mkuu wa Nyumba ya Vyanzo. Kalamu ilikuwa mezani. Nakijwa hakuigusa. Alimwita karani wake, Ngoda, akamwambia amwite mwanafunzi huyo Jumatatu.

*

Eliwaza Mchome hakuwa msichana kama Nakijwa alivyodhania. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi masomoni watoto wake walipokua. Aliingia amebeba kifurushi kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Keti, Mwalimu. Umeshaambiwa nimekuitia nini?"

"Nimeambiwa nimeghushi."

"Mnyororo ndio unaosema. Mimi bado sijasema. Haya maneno umeyatoa wapi?"

Eliwaza alikifungua kifurushi. Ndani ya kanga mlikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko daftari la shule, jalada limeliwa na mchwa, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Alilifungua taratibu katikati. Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Baba yangu aligawa maji Ivuga miaka ishirini na sita. Kila mkutano aliandika. Nani zamu yake lini, nani kagombana na nani, nani kasema nini. Hapa ndipo alipomwandika mama yako."

Nakijwa aliisoma sentensi ile kwa mwandiko wa mtu mwingine. Hakukuwa na tarehe. Ukurasa haukuwa na namba. Daftari halikuwahi kusajiliwa popote, na chanzo kisichosajiliwa mbele ya Mnyororo kilikuwa sawa na uvumi wa sokoni.

"Kwa hiyo unadai mimi nilisema uongo," alisema.

"Sijasema hivyo, Daktari. Hata kwenye tasnifu sikuandika hivyo. Nimeandika kwamba mama alisema zaidi." Eliwaza aliinua macho. "Mama yako nilimjua. Nikiwa darasa la tatu alitufukuza na fimbo tukichezea mfereji. Hakuwa mtu wa kusema maji hayapungui halafu akanyamaza."

Eliwaza akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo alipoeleza jinsi Ivuga ilivyo sasa. Pampu ziliwekwa miaka kumi na sita iliyopita, zikivuta maji usiku na mchana kupeleka kwenye mashamba makubwa ya tambarare. Katika ukurasa wa kwanza wa kibali cha pampu hizo yaliandikwa maneno manne ya Mama Naetwe. Ndiva, lile bwawa la mababu ambalo zamani lilifungwa jioni na kufunguliwa alfajiri, sasa lilikuwa udongo uliopasuka. Nyumba tisini zilibaki ishirini na mbili. Baraza la Maji lingekaa tarehe ishirini kuamua kama kibali kiongezwe miaka mingine kumi na sita, na lisingepokea ushahidi wowote ambao haujapita kwenye Mnyororo.

"Wakinifukuza, Daktari, nitarudi kufundisha darasa la pili, sitakufa," Eliwaza alisema huku akilifunga daftari. "Lakini ile tarehe ikipita, hakuna tena Ivuga."

*

Alipobaki peke yake Nakijwa alishuka ghala la chini, akasimama mbele ya kabati la mama yake.

Nyumba ya Vyanzo ilihifadhi watu elfu mbili na mia tatu waliokufa. Si miili yao. Katika wiki zao za mwisho, wale waliokubali waliwekewa kichwani utando wa chembe hai, ukaota polepole kwa kufuata kumbukumbu zao kama nyuki wanavyofuata maua, na walipokufa utando ule ulibaki, wa rangi ya asali, wa ukubwa wa kiganja. Watu waliuita sega. Ukiliweka kwenye maji ya joto na kuliuliza, lilijibu kwa sauti ya marehemu na kwa akili yake, kama alivyokuwa siku ile lilipokamilika. Halikuweza kunakiliwa wala kughushiwa, ndiyo sababu sheria ililiamini kuliko karatasi yoyote. Vinasa sauti havikuruhusiwa ndani ya chumba, kwa kuwa kila sauti iliyonaswa iligeuzwa bandia siku iyo hiyo. Walikaa mashahidi wawili na kalamu, basi. Lakini sega lilikuwa na ubaya wake. Kila lilipojibu lilijila. Lilistahimili kufunguliwa mara saba, na mara ya saba lilitoa kumbukumbu moja tu, kisha likafa moja kwa moja.

Sega la Mama Naetwe lilikuwa limefunguliwa mara sita.

Ya kwanza ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma, kwa ajili ya tasnifu ya binti yake. Nakijwa alikuwa na miaka thelathini na mitano, amechoka, ana mtoto anayenyonya, na msimamizi wake Profesa Luhwavi alikuwa amekaa naye kama shahidi. Walipotoka Profesa alisoma alichoandika Nakijwa, akatikisa kichwa.

"Hii sentensi ni nzuri lakini ina mkia. Watu wa mipango hawasomi sentensi yenye 'mradi' ndani yake. Ikate hapa, kwenye koma."

"Basi niweke nukta tatu, ijulikane kuna maneno yameachwa."

"Nukta tatu zinaleta maswali. Weka nukta moja. Maana haijabadilika."

Akaweka nukta moja. Hati ya usikilizaji ilipigwa chapa hivyo hivyo, Profesa akasaini, shahidi wa pili akasaini bila kusoma, na karatasi ya mwanzo ikatupwa. Tasnifu ilisifiwa. Wengine wakainukuu, na walioinukuu nao wakanukuliwa. Luhwavi alishakufa, na shahidi wa pili pia. Kwa miaka mingi Nakijwa aliisoma sentensi ile fupi mara nyingi hata sikio lake lilianza kukumbuka alichoandika badala ya alichosikia. Kuna miaka hakika aliamini kwamba mama yake alisema maneno manne tu.

Sasa alikuwa akijiuliza: je, angeweza kuiondoa nukuu yake tu, akiri, yaishe? Alijua kanuni kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nusu yake aliiandika yeye. Kukiri kwake kungeua nukuu fupi, lakini kusingeifanya ile ndefu kuwa kweli. Zote mbili zingekosa chanzo. Eliwaza asingefukuzwa, lakini asingefaulu. Baraza lisingekuwa na neno la kukizuia kibali, na pampu zingeendelea.

Kilichobaki ni sega. Na kwenye mlango wa kabati, chini ya jina la mama, palibandikwa karatasi aliyoiandika mwenyewe miaka mingi nyuma: Usikilizaji wa saba umetengwa kwa Namsifu.

*

Namsifu, dada yake mkubwa, alikuwa na chumba cha ushonaji mjini Same, karibu na kituo cha afya. Alishona sare za shule. Nakijwa alimkuta anapima kola, pini zimejaa mdomoni, na kwa muda walisalimiana kwa macho tu.

Kila mmoja wao alijua kwa nini usikilizaji wa saba ulitengwa. Namsifu aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, akaapa hatakanyaga nyumbani. Mama alipougua alituma watu mara mbili: mwambieni Namsifu aje. Namsifu alikawia, kwanza kwa kiburi, halafu kwa aibu ya kukawia. Alifika siku moja baada ya maziko. Tangu hapo miaka ishirini alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia mama yake, na kila mwaka aliyaona bado hayajatosha.

Nakijwa alieleza yote. Alieleza habari ya Eliwaza na daftari, habari ya koma na nukta. Namsifu alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo ulimkata mama ulimi," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na sasa unataka kuutumia usikilizaji wangu kuuunga ulimi huo."

"Sheria inaniruhusu kulifungua kwa saini yangu peke yangu. Mimi ni mrithi na mimi ni mkuu. Sitaki kufanya hivyo."

"Umekuja kuniomba au kunitisha?"

"Kukuomba."

Namsifu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wewe tangu afe umemsikia mara tatu. Moja ya shule, mbili za kwako. Ulipoachwa na mumeo ulikwenda ukalia naye. Nilijua, nikanyamaza. Mimi hata kikohozi chake sijakisikia. Nilisema nitakwenda nikiwa tayari." Aliishika kola akaikunja mara mbili, kisha akaikunjua. "Toka, Nakijwa. Nina sare arobaini za kumaliza."

Nakijwa alitoka. Njia nzima ya kurudi aliiona saini yake mwenyewe ikiwa tayari kwenye karatasi ambayo bado hajaisaini, na akajichukia kwa sababu mkono ulikuwa unataka.

Alhamisi saa mbili asubuhi, siku mbili kabla ya ile tarehe ishirini, Ngoda alimwambia kuna mgeni mapokezi. Namsifu alikuwa amekaa wima kwenye benchi, amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu amevipiga rangi.

"Nitauliza mimi," alisema kabla ya salamu. "Hilo swali la maji. Nitaliuliza mimi."

"Dada..."

"Nimekaa nikafikiri. Nikienda kwa mama kumwomba radhi, huku nimeacha kijiji chake kikauke ili mimi nipate nafasi ya kulia, atanipokea kwa uso gani? Lakini sitaki mtu wa Baraza, mgeni, ndiye awe wa mwisho kusema naye. Asikie sauti yangu. Hata kama ni habari ya ndiva."

Nakijwa alikaa chini kando yake. Ilibidi amweleze, na kila neno lilikuwa zito kulitoa. Swali husomwa kama lilivyoandikwa. Inaruhusiwa kulisoma mara tatu, si zaidi. Muulizaji akitamka chochote nje ya swali, ushahidi wote unabatilika na sega limekwisha kwa bure.

"Hata nikimwita mama?"

"Hata ukimwita mama."

"Basi."

"Dada, nisikilize. Atakutambua. Atakuita."

Namsifu aliangalia viatu vyake. "Nimekusikia," alisema.

*

Chumba cha usikilizaji kilikuwa kidogo na cheupe. Katikati palikuwa na bakuli la kioo lenye maji ya joto la mwili, na sega likielea humo, kingo zake zimekuwa kahawia kama mkate ulioungua. Ngoda alikaa upande mmoja na kalamu yake, na mjumbe wa Baraza la Maji, mzee mkimya aliyevaa koti la sufi, upande wa pili. Nakijwa, kwa kuwa hati yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikituhumiwa sasa, alikaa ukutani, haruhusiwi kuandika wala kusema.

Namsifu aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Tafadhali eleza ulichosema kwenye mkutano wa kijiji cha Ivuga kuhusu maji ya ndiva."

Sega lilianza kung'aa kwa ndani, taratibu, kama kaa linalopulizwa. Kisha ile sauti, kavu kidogo, yenye lafudhi ya Upare ambayo binti zake wote wawili walishaipoteza:

"Namsifu?"

Ngoda aliliandika jina hilo.

"Namsifu, ni wewe? Umekuja lini, mwanangu?"

Namsifu alifungua mdomo. Nakijwa aliona vidole vya dada yake vikiikunja karatasi pembeni. Alitamani apige kelele amwambie mjibu, mjibu, acha maji, acha kila kitu. Aliuma shavu kwa ndani mpaka akaonja damu.

"Tafadhali eleza," Namsifu alisoma, sauti imekwaruza, "ulichosema kwenye mkutano wa kijiji cha Ivuga kuhusu maji ya ndiva."

"Mbona unaniuliza kama hakimu? Kuna mtu amekutuma?" Sauti ilitulia kidogo, ikalainika. "Umekula?"

Machozi ya Namsifu yalidondoka kwenye karatasi, yakalowesha maandishi. Hakuyafuta. Mjumbe wa Baraza alikuwa ameinamisha kichwa. Sega lilibakiza dakika chache za uhai, na ilibaki mara moja tu ya kusoma. Namsifu alisoma mara ya tatu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mama Naetwe alinyamaza. Halafu akashusha pumzi, ile pumzi yake ya kumvumilia mtoto mkaidi.

"Haya, kama unataka hayo. Niliwaambia hivi: maji ya Ivuga hayapungui, mradi watu wachote kwa zamu na ndiva ifungwe usiku ipate kujaa. Nikawaambia, ndiva ni kama ng'ombe. Ukimkamua bila kumpumzisha atakutolea damu. Wakacheka. Mchome akaandika kwenye daftari lake, yule bwana huandika kila kitu. Ulikuwepo siku ile, ulikuwa umekaa juu ya ukuta wa ndiva unakula muhogo, nikakwambia shuka utaanguka. Namsifu, sogea huku nikuone vizuri, mbona una..."

Mwanga ulizimika. Sega lilibadilika mbele ya macho yao likawa jeusi, likazama polepole mpaka chini ya bakuli.

Ngoda aliandika mstari wa mwisho, akaangalia saa, akaandika na saa. Baadaye, walipokuwa wakiitengeneza hati, alimwendea Nakijwa, akasema kwa sauti ya chini. "Daktari, yale ya umekuja lini, na umekula. Hayahusu maji. Kwa kawaida huwa tunayaacha, tunaweka nukta tatu. Nifanye hivyo?"

"Hapana," Nakijwa alisema. "Andika yote. Kila neno, na mahali aliponyamaza andika kwamba alinyamaza."

Alipotoka nje kumtafuta dada yake, benchi lilikuwa tupu. Walinzi walisema yule mama alishaondoka, alikwenda kwa miguu upande wa stendi.

*

Mnyororo ulichukua muda wa saa moja na nusu. Nakijwa alikaa mbele ya skrini akaangalia. Jina la mama yake liliwaka kijani kwenye ukurasa wa sitini na mbili wa tasnifu ya Eliwaza. Kisha njano ikaanza kutoka kwenye tasnifu yake mwenyewe, ikaenea kwa walioinukuu, kisha kwa walionukuu wale, ripoti, vitabu vya kiada, mipango ya wilaya tatu, kama maji yanavyoenea sakafuni. Kazi mia nne na kumi na mbili zilitakiwa kurekebishwa. Baadhi zilikuwa za watu aliowafundisha, na simu zao zilianza kuingia kabla njano haijasimama.

Alizipokea zote. Wengine walimtukana, wengine walilia, mmoja alimuuliza tu, "Ulijua?" na alipojibu ndiyo akakata simu. Shahada yake ilifutwa mwezi uliofuata. Hakungoja kufukuzwa ofisini. Eliwaza alifaulu, kibali cha pampu kilisitishwa, na wataalamu wa Baraza walisema kwamba ndiva huenda ikapata maji baada ya masika mbili au tatu, au isipate kabisa.

Namsifu hakupokea simu. Nakijwa alimtumia nakala ya hati, kurasa mbili. Haikurudi, na hakuna jibu lililokuja.

Sheria ilikuwa na jambo moja zaidi. Aliyepotosha chanzo alitakiwa kulisoma sahihisho lake kwa mdomo mbele ya watu walioumizwa na upotoshaji huo. Kwa hiyo mwezi wa nne baada ya usikilizaji, Nakijwa alipanda Ivuga, ambako hakuwa amefika kwa miaka kumi na mmoja. Eliwaza alimpokea barabarani, akambebea begi ijapokuwa Nakijwa alikataa.

Watu waliokuja walitosha katika darasa moja la shule. Nakijwa alisimama mbele ya ubao. Alisoma sentensi aliyoiandika, halafu sentensi aliyosema mama yake. Alisema maneno kumi na moja aliyakata yeye, kwa hiari yake, na kwamba hakuweka alama yoyote ya kuonesha kuwa ameyakata. Alisema anaomba radhi, akaikunja karatasi.

Bibi mmoja aliyekaa dawati la mbele, Bibi Nanzia, alijiegemeza kwenye fimbo yake.

"Kwa hiyo hakusema yeye," alisema.

"Hakusema, bibi. Alisema mradi mchote kwa zamu."

"Kule kwenye pampu kuna kibao. Kimeandikwa maneno na jina la mama yako chini. Miaka yote hii kila anayepita anakisoma." Bibi alitikisa kichwa pole pole. "Huyu Eliwaza alitwambia, hatukumsikia. Tulisema mbona kimeandikwa. Tulisema Naetwe alitugeuka. Alikula na sisi, akachota na sisi, halafu akaenda kuwaambia watu wa serikali maji hayaishi. Mimi nilikuwa rafiki yake, mwanangu. Nimepita kwenye kaburi lake miaka kumi na sita nikigeuza uso."

Nakijwa alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Miaka yote alidhani alichokosea ni kwenye karatasi, kisha akadhani alichokosea ni kwa kijiji. Hakuwahi kufikiri kwamba mama yake alikuwa amelala pale juu, chini ya jina la msaliti, na kwamba jina hilo alimpa yeye.

"Limekuwaje, hilo kaburi?" aliuliza.

Eliwaza aliinamisha macho.

Walipanda pamoja, Nakijwa na Eliwaza na wanawake wanne au watano, Bibi Nanzia nyuma kwa mwendo wake. Nyumba ya zamani ilishaanguka, migomba imekauka imesimama kama nguzo. Nyuma ya nyumba majani yalikuwa yamemea kufika kiunoni, na isingekuwa rahisi kujua pana kaburi, ila sehemu ya kichwani ilikwisha fyekwa. Mwanamke alikuwa amepiga magoti pale na panga, mgongo umelowa jasho, kitenge kimefungwa kibwebwe. Alikuwa amefika tangu asubuhi, peke yake, kwa njia ya juu.

Nakijwa alisimama.

Namsifu hakuinua uso. Alikata shina, akalitupa pembeni, akapangusa jiwe kwa kiganja mpaka herufi za kwanza za jina zikaonekana.

"Nilikuwa nimekula," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. Alikata shina jingine. Kisha akasogea kidogo kulia, akaelekeza kwa ncha ya panga. "Shika huko miguuni. Ng'oa na mizizi."

Nakijwa alivua viatu, akapiga magoti, akaanza kung'oa.